FaceTime kwenye Tecno: mwenye iPhone ndiye aanze

Pole dada wa Tukuyu uliyeuliza utaongeaje na kaka yako kwa FaceTime, programu ya Apple ya simu za video. Kaka yuko Uingereza, anatumia hiyo tu, na Tecno yako haina, inaudhi kweli. FaceTime haipo Play Store, kwa hiyo ukikuta yenye jina hilo usiipakue. Kaka mwenye iPhone ya iOS 15 (toleo la mfumo wa simu) kwenda juu afungue FaceTime, abonyeze "Create Link", akutumie linki kwa meseji. Ifungue kwa Chrome, andika jina, ruhusu kamera na maiki, gusa "Join". Hapa ndipo wengi hukwama: mpaka yeye akukubali kwake, utabaki unasubiri tu. Kuanzisha simu wewe huwezi. Mtandao ukisuasua, zimeni video mbaki na sauti. Linki usiitupe kwenye grupu, mwingine ataomba kuingia.