Jibu: Mswada wa mbunge mmoja huwa sheria kweli?

Ndugu, umeuliza kama miswada ya afya na mazingira inayoletwa na mbunge mmoja hufika popote. Hufika. Hapa Kenya, Sylvia Kasanga, aliyekuwa seneta, alileta mswada wa kurekebisha Sheria ya Afya ya Akili, ukatiwa saini Juni 2022. Lakini safari ni ndefu jamani! Mswada ukishasomwa mara ya kwanza Bungeni huenda kwa kamati, na hapo ndipo wananchi hutoa maoni, kama Kifungu cha 118 cha Katiba kinavyotaka. Mimi nilipeleka barua kuhusu moshi wa taka hapa Dandora. Karani akaigonga muhuri mbele yangu, nakala ninayo kabatini. Mswada wa mazingira ukigusa pesa za serikali, Kifungu cha 114 kinataka Waziri wa Fedha asikizwe kwanza. Ulizia hilo.