Kuhusu mwanao rubani na orodha ya ukongwe

Shikamoo mama. Umeuliza kama mwanao, rubani huko Marekani, atapoteza miaka yake 9 kampuni yake ikiungana na nyingine.

Miaka haifutwi. Kinachogombaniwa ni nafasi yake kwenye orodha ya ukongwe, yaani foleni ya marubani kwa kutangulia kazini, maana ndiyo inayoamua arushe ndege gani, likizo lini, na nani aachishwe kazi kwanza. Chukulia stendi mbili za tuktuk hapa Malindi zinaunganishwa foleni. Ukifuata tarehe ya kuanza kazi tu, stendi kongwe inashika mbele yote. Ukiwapanga wageni wote mkiani, umewadhulumu. Ndivyo marubani wengi wa shirika la ndege la TWA walivyofanyiwa walipoingia shirika la American Airlines mwaka 2001, na naona ilikuwa dhuluma kweli. Uchungu ule ulizaa sheria ya 2007 inayotaka orodha ziunganishwe kwa haki. Njia nyingine ni uwiano: pande zote hupachikwa kwa zamu kulingana na idadi, cheo na aina ya ndege. Kwanza hujadiliana, wakishindwa msuluhishi huamua.

Mwambie ahakiki leo tarehe yake ya kuajiriwa kwenye orodha iliyopo, na asikose mikutano ya chama chao. Tarehe ikikosewa, arekebishiwe kabla orodha hazijaunganishwa.