Gundi imekauka kwenye vigae

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokuwa nikibandika skatingi za mbao (vibao vya chini ya ukuta) sebuleni kwa gundi nyeupe ya seremala, nyingine ilichuruzika kwenye vigae ikakauka, na kipande kimoja kimekaa upande. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, gundi hiyo hulainika kwa maji, kwa hiyo funika doa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kwa dakika 10 hivi, kisha ulikwangue kwa kadi ngumu ya plastiki, wala si kwa kisu, ambacho huacha mikwaruzo. Thina iache dukani, maana itababua vanishi ya skatingi. Kipande kilichokaa upande kibandue taratibu kwa patasi pana, ukikinga ukuta kwa kibao, kisha piga msasa mpaka ubao wenyewe uonekane, kwani gundi mpya haishiki vyema juu ya ile iliyokauka.