Shangazi, mwanangu amezama kwenye granji

*Shangazi, sisi ni Watanzania tunaoishi Kent, karibu na Seattle. Mwanangu wa miaka 15 hasikilizi kitu ila Nirvana, Soundgarden na Alice in Chains, bendi za ile roki ya magitaa mazito iitwayo granji. Amefuga nywele, havui shati la drafti, na ukutani amebandika picha ya Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, ambaye nasikia alijiua. Binamu zake humcheka kwamba anafuata muziki wa Wazungu. Baba yake anataka kuchana picha na kuliuza gitaa. Tufanyeje? – Mama Mwenye Hofu*

Dada yangu, hofu yako ina msingi, lakini barua yako imefunga pamoja mambo mawili ambayo naomba tuyatenganishe, yaani mapenzi ya kijana kwa muziki na hatari ya kijana kujidhuru.

Mapenzi hayo mwanao hakuyaokota mbali. Muziki wa granji ulikulia Seattle mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kumbi ndogo, na Nirvana yenyewe ilianzia Aberdeen, mji wa wakata magogo katika jimbo hilohilo mnaloishi. Mashati ya drafti yalikuwa nguo za bei nafuu za watu wa baridi na mvua, kabla wabunifu wa mitindo hawajayapandisha jukwaani. Albamu yao ya Nevermind, iliyotoka Septemba 1991, ilimwondoa Michael Jackson kileleni mwa chati ya albamu za Marekani Januari 1992, na sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba vijana walimsikia mtu akiimba waziwazi hasira na upweke waliokuwa wakiuficha mbele ya wazazi. Huenda mwanao naye amepata humo maneno ambayo hajayapata katika Kiswahili cha nyumbani wala Kiingereza cha darasani. Hao binamu nao waambiwe kwamba Jimi Hendrix, mpiga gitaa Mweusi ambaye wapenzi wa roki duniani kote humheshimu, alizaliwa Seattle mwaka 1942, na kwamba Cobain aliwaandikia mashabiki wake mwaka 1992 kwamba anayewachukia watu wa rangi nyingine, wanawake au mashoga asihudhurie maonyesho yao wala kununua rekodi zao.

Sasa lile la pili. Ni kweli kwamba Cobain, aliyekuwa mtumwa wa heroini, alijiua Aprili 1994 akiwa na miaka 27, na kwamba Layne Staley, mwimbaji wa Alice in Chains, aliuawa na dawa za kulevya mwaka 2002. Msimfiche kijana habari hizo, kwa kuwa anazijua kuliko ninyi. Zungumzeni naye kuhusu habari hizo. Tafuta wakati mko wawili tu, ndani ya gari kwa mfano, umuulize bila kuzunguka: “Umewahi kufikiria kujiua?” Wazazi wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtoto wazo, ilhali wataalamu wa afya ya akili wanasema halimpi wazo hilo, bali humfungulia njia ya kusema. Nywele ndefu si dalili. Dalili ni kukosa usingizi au hamu ya kula, kujitenga na rafiki aliowapenda, kugawa vitu vyake vya thamani, kusema kwamba yeye ni mzigo, au kuliacha ghafla hilo gitaa. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Piga simu namba 988, ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, inayopokewa Marekani nzima saa zote, kisha mpeleke kwa daktari.

Kuhusu baba yake, mwambie kwamba picha zikichanwa, mtoto hataacha kusikiliza. Ataacha kuwaeleza anachosikiliza. Amwombe mwanawe amchagulie wimbo mmoja na kumweleza kwa nini anaupenda, na aanze na lile onyesho la Nirvana lililorekodiwa New York Novemba 1993, ambalo ni tulivu kiasi cha kuvumilika hata na mzee wa taarabu. Gitaa lisiuzwe. Likipigwa kwa sauti kubwa baada ya saa tatu usiku, hapo baba ana haki kamili ya kubisha mlango.