Akipotea mtu wenu, andikisheni siku hiyo hiyo

Nilimsindikiza mwenyewe mpaka stendi ya Malindi, kijana wa ami yangu, kabeba kanga mbili za mamake na mfuko wa tende. Ilikuwa miezi ya kafyu ya 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, Lamu bara, pwani ya Kenya, na Lamu ikifungwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Magharibi mamake akanipigia kutoka Amu, yaani Lamu kisiwani: "Mwanangu, mbona mwenzio hajavuka?"

Kwa siku mbili hatukwenda polisi. Tuliogopa. Wakati ule kijana akipotea, la kwanza kusemwa barazani halikuwa "katekwa". Lilikuwa "kaenda Somalia", yaani kujiunga na Al-Shabaab. Ami hakutaka jina la nyumba yake liandikwe kituoni kwa maneno hayo. Wengine wakasema katolewa basini na watu wa msituni, wengine wakasema ni serikali. Basi lenyewe lilikuwa limefika Mokowe, pale pa kuvukia Amu, salama, na hapana hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza utingo.

Siku ya tatu nilimuuliza. Alijibu pale pale, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa: kwenye kizuizi fulani vijana watatu waliteremshwa kwa kukosa vitambulisho, wetu mmoja wao. Siku mbili za kulia, na jibu lilikuwa kwa mtu anayepita na mabasi yake kila asubuhi.

Kwa hiyo anzieni pale alipoonekana mwisho: utingo, nahodha, mwenye duka, mwenye bodaboda. Na mwende kituoni siku hiyo hiyo. Yale ya kwamba lazima ungoje saa 24 hayamo katika sheria. Ripoti iandikwe kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, upewe namba yake, uinukuu wewe mwenyewe pamoja na saa na jina la askari aliyekuandikia. Ukiambiwa urudi kesho, rudi baada ya nusu saa na mzee wa mtaa au chifu. Mama akienda peke yake husikilizwa kwa sikio moja. Si haki, lakini nimeiona.

Hapo katikati tulifanya kosa jingine. Binti mmoja wa nyumbani, kwa nia njema, alitia picha yake Facebook, na kanzu aliyovaa, na kovu la mkononi, na namba ya simu ya ami. Usiku ule ule mwanamume akapiga. Alijua kanzu, alijua kovu. Alitaka shilingi 80,000. Ami aliomba kumsikia mwanawe, akaambiwa kalala. Tukatuma 15,000 kwa M-Pesa, kisha simu ikazimwa.

Tangazeni, sikatai, lakini bakizeni jambo moja moyoni mwenu. Anayesema anaye mtu wenu aulizwe lile ambalo huyo tu ndiye anayeweza kulijibu: jina mlilomwitia utotoni, au alivyovunjika jino. Simu ishikwe na mtu mmoja, asiye mama wala baba, na kila anayepiga aandikwe. Ujumbe wa M-Pesa usifutwe, maana una jina la mwenye laini. Na msidhani kila simu ni ya tapeli. Wanaoteka kweli nao hupiga, kwa hiyo isiwe siri ya ukoo. Maafisa wa upelelezi waijue kabla ya senti kutoka.

Sisi wa pwani hii tumeona namna zote. Mwaka 2011 watu wenye silaha walimuua mgeni Kiwayu na kumchukua mkewe, na wiki chache baadaye wakamchukua Mfaransa kutoka Manda. Wote wawili walipelekwa Somalia. Novemba 2018 alichukuliwa Muitaliano huko Chakama, akarudi kwao Mei 2020. Akichukuliwa mgeni, dunia nzima hujua jina lake. Wetu hutafutwa na mamake, kwa miguu, kituo hadi kituo. Ndiyo maana nasema makaratasi yawe mikononi mwenu.

Tukampata siku ya nne, kwenye kituo nisichokitaja, kaandikwa kwa jina lisilo lake. Hakuwa na kosa lolote ila kusahau kitambulisho. Wakili tuliyemtafuta Malindi aliwakumbusha polisi Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya: aliyekamatwa aelezwe sababu, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata mahakama ikiwa imefungwa. Aliposema kesho angeomba habeas corpus Mahakama Kuu ya Malindi, yaani amri ya kumleta mtu mbele ya jaji, kijana alitoka jioni ile. Tende walikuwa wamezila.

Tangu hapo anayepanda basi nyumbani kwetu hutuma namba ya gari kabla halijaondoka, na picha ya kitambulisho chake iko kwa watu wawili. Na ukiwa abiria, mwenzako akateremshwa, muulize jina na namba ya nyumbani, kwa sauti, kabla gari halijatoka. Basi alilopanda kijana wetu lilikuwa limejaa siku ile.

Jambo moja hatukulifanya. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, ipo kwa ajili ya malalamiko dhidi yao, na kulalamika hakulipiwi. Niliandika barua nzima. Ami akasema mtoto karudi, tumshukuru Mungu, tusitafute maneno. Nikaikunja. Wale vijana wawili walioteremshwa naye hatukuwahi kuwauliza majina.