Ukikuta X Ukutani, Anza na Futi Kamba

Mama aliponipigia simu kwamba nyumba yake ya kando ya barabara kuu imechorwa X, nilimuuliza rangi kabla ya jambo lingine lolote. Kwa muda mrefu hifadhi ya barabara kuu Tanzania, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ilihesabiwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, kisha Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaisogeza hadi mita 30. Aliyejenga ndani ya eneo la zamani ameifuata barabara, naye huchorewa X nyekundu na kubomolewa bila fidia. Aliye ndani ya mita 7.5 zilizoongezwa amefuatwa na barabara, huchorewa ya kijani na anastahili kulipwa.

Ya mama ilikuwa ya kijani, tukashukuru mapema mno. Alama hiyo haikuja na malipo wala tarehe ya kuhama, ila zuio la kuendeleza: chumba alichokusudia kuongeza kikabaki msingi, na mpangaji wa fremu ya duka akahama. Kwa maoni yangu hali hii inaumiza kuliko ubomoaji wenyewe, kwa kuwa anayebomolewa angalau anaijua siku yake.

Kwa hiyo pima mwenyewe, ukianzia katikati ya barabara na si ukingoni mwa lami, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na majirani. Jirani yetu aliyechorewa nyekundu alipata mita 23 na ushee, akaandika barua, na alama ikabadilishwa.

Baada ya mita zinafuata tarehe. Tafuta hati ya mauziano, stakabadhi za kodi, hata picha ya msiba iliyopigwa uani, chochote kinachoonyesha ulikuwapo lini. Kukosa hatimiliki kusikukatishe tamaa, kwa sababu Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay la mwaka 1994, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba.

Siku ya uthamini usisafiri, na usitie saini fomu yenye nafasi tupu. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 hazikomei kwenye thamani ya ardhi na jengo. Zinataja pia posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, na faida iliyopotea. Hapo kwenye faida ndipo tulipoteleza: mama alikuwa ameuza vitenge nyumbani hapo miaka kumi na moja bila daftari la mauzo, na mthamini hakuwa na cha kuandika.

Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inaupa uthamini wa fidia uhai wa miaka miwili, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu uidhinishwe, riba huanza kuhesabiwa. Miaka miwili ilipopita tuliomba uthamini mpya kwa barua, tukabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tulipomwendea wakili kuandaa notisi ya siku 90 ambayo lazima itangulie kuishtaki Serikali, nakala hiyo ndiyo aliyoiomba kwanza.