Binti hasemi neno shuleni, kaka yake anataka kurudi kwa bibi

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Agosti iliyopita tulihamia Bonn, Ujerumani, baada ya mume wangu kupata mkataba wa miaka minne katika shirika la kimataifa. Niliacha kazi yangu ya benki Dar es Salaam, tukasema twende wote, familia isitengane. Sasa tunakaa nyumba moja na naona kila mtu yuko peke yake.

Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu. Tangu shule ifunguliwe hajasema neno hata moja darasani. Mwalimu anasema anaandika, anachora, uwanjani anacheza na wenzake vizuri, ila kusema hasemi. Juzi nimemkuta chumbani anawafundisha wanasesere wake kwa Kijerumani. Aliponiona akanyamaza.

Kaka yake ana miaka 13. Dar alikuwa Kidato cha Kwanza na hakuwahi kutoka tano bora. Hapa wamemweka darasa la saba. Anasema amerudishwa shule ya msingi, na rafiki zake wanamtania WhatsApp. Kila siku wimbo ni mmoja: nirudisheni Tanga kwa bibi, nisome bweni. Baba yake anasema ni deko tu, yeye alipelekwa bweni na miaka 12 na hakufa.

Jirani yetu, Mtanzania aliyekaa huku muda mrefu, alitushauri tuache Kiswahili nyumbani, tuongee Kijerumani tu ili watoto wakishike upesi. Tumefanya hivyo tangu Desemba. Kijerumani chenyewe bado nakiokoteza kwenye kozi. Siku hizi tunakula chakula cha usiku kimyakimya.

Je, nimrudishe kijana? Na huyu mdogo nimpeleke kwa daktari?

Mama Wawili, Bonn

*

Marahaba, mwanangu. Poleni na baridi, na hongera kwa kuandika kabla mambo hayajaharibika.

Naanza na la jirani yako, kwa sababu hilo unaweza kulirekebisha leo hii kabla hujapakua chakula. Rudisheni Kiswahili mezani. Chote, pamoja na utani wake na umbea wake. Jirani alikuwa na nia njema, sina ugomvi naye, lakini ushauri ule umewanyang'anya watoto wako mahali pekee walipokuwa bado werevu. Hebu fikiria siku ya huyo kijana. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi mchana ni mtu asiyejua. Hajui mwalimu kasema nini, hajui wenzake wanacheka nini, na akicheka anahisi huenda anajicheka mwenyewe. Anarudi nyumbani kwa mama aliyekuwa akimtania, akimkaripia na kumbembeleza kwa lugha moja tamu, anamkuta naye ni mwanafunzi wa Kijerumani anayetafuta neno la "chumvi". Mtoto atashika wapi?

Isitoshe, Kijerumani chako cha miezi mitano hakiwezi kumfundisha mtoto kuliko mwalimu wake na watoto wa uwanjani. Atachojifunza kwako ni makosa yako. Lugha ya nyumbani iliyo imara haizuii lugha ya shule. Mtoto anayejua vizuri kwa Kiswahili kwa nini mvua hunyesha atahitaji tu maneno ya Kijerumani ya kulisema hilo. Asiyejua kwa lugha yoyote ana kazi mbili. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, ameandika juu ya hili tangu miaka ya 1970. Alionyesha kwamba lugha ya kucheza na kuongea mtoto huipata kwa mwaka mmoja au miwili, lakini lugha ya vitabu, ile ya kueleza historia na sayansi, huchukua miaka mitano au hata saba. Kwa hiyo usije ukashangaa mwakani kijana anabwabwaja Kijerumani barabarani na bado insha inamshinda. Si uvivu huo.

Haya, huyu mdogo.

Ulipoandika kuhusu wanasesere, mimi nilifurahi. Mtoto anayefundisha wanasesere kwa Kijerumani anakijua Kijerumani, hajataka tu kukitoa hadharani. Ni kama mpishi anayeonja jikoni kabla hajathubutu kupakulia wageni. Watoto wengi wanaoingia shule ya lugha ngeni hupitia kipindi cha kunyamaza, cha wiki chache au cha miezi kadhaa, na wakati huo wote masikio yanafanya kazi. Mwalimu amekuambia anaandika, anachora, anacheza. Hayo ndiyo ningeyauliza mimi, na majibu yake ni mazuri.

Usimwahidi zawadi akisema. Usimwulize kila akirudi, "Leo umesema?" Hilo swali linamfanya aamini kinywa chake ni kesi ya familia nzima. Na pale chumbani, ukimkuta tena, pita kama hujasikia. Mwombe mwalimu amweke na mwenzake mmoja tu, asimsimamishe mbele ya darasa. Wewe alika mtoto mmoja nyumbani alasiri moja, mmoja tu, wakande unga pamoja. Wajerumani hupanga ziara hizi kwa tarehe na saa, na saa ya kumchukua mtoto pia husemwa, kwa hiyo usikae ukingoja mtu apite tu kugonga hodi. Huko hodi ya ghafla haipo.

Daktari wa watoto mtamtafuta ikiwa mwaka wa shule unakwisha na hajamnong'oneza hata mtoto mmoja, au akianza kunyamaza na nyumbani, au usingizi na chakula vikiharibika. Hapo usisubiri, na usikubali kuambiwa "ni aibu tu".

Sasa kijana, ambaye ndiye ananipa mawazo zaidi.

Kwanza mwondolee fedheha ambayo haipo. Jimbo mlilopo, Nordrhein-Westfalen, shule ya msingi ni miaka minne tu. Darasa la tano mtoto ameshaingia sekondari, ila wao hawaanzi kuhesabu upya kama sisi na vidato vyetu. Wanaendelea na namba hadi darasa la 12 au 13. Darasa lake la saba, basi, ni mwaka wa tatu wa sekondari. Kaa naye, chora ngazi mbili kwenye karatasi, ya Tanzania na ya Ujerumani, umwonyeshe aliposimama. Kisha awatumie hao watani wake wa WhatsApp. Jambo dogo, lakini kwa mtoto wa miaka 13 heshima mbele ya wenzake ndiyo nusu ya maisha.

Hata hivyo ngazi haitamponya. Kijana aliyekuwa tano bora amepoteza cheo. Kwetu mtoto anajua yeye ni wa ngapi kati ya wangapi, mzazi anajua, hata bibi Tanga anajua. Huko shule hazitangazi nafasi. Kuna alama za 1 hadi 6, na 1 ndiyo ya juu, 6 ndiyo mkia. (Mzazi mgeni anaweza kumchapa maneno mtoto aliyeleta 1 na kumpongeza wa 5, kwa hiyo mweleze na baba.) Na mtoto ambaye bado anasaidiwa lugha mara nyingi hapewi alama za kawaida kabisa, anaandikiwa maelezo. Mwanao kwa hiyo haoni popote panaposema kwamba yeye bado ni yule yule.

Kuna na jambo ambalo huenda hakuna aliyewaambia. Kwenye shule za Ujerumani, kunyoosha mkono na kusema darasani ni sehemu ya alama, na katika masomo mengi uzito wake unakaribia ule wa mitihani ya kuandika. Sisi tumelea watoto wanyamaze mwalimu anapoongea, wainamishe macho wanapokaripiwa. Huko mtoto wa namna hiyo anaonekana hajajiandaa, au hajali. Mweleze mwanao waziwazi kwamba kumtazama mwalimu usoni na kumwambia "sijaelewa" si utovu wa adabu huko, ni bidii. Akishajua ni kanuni ya mchezo tu, hataona kwamba anaisaliti adabu uliyomfundisha. Akija kwa bibi atainamisha macho kama kawaida.

Mtafutie mahali pa kung'ara sasa, asingoje Kijerumani kikomae. Umesema alikuwa Kidato cha Kwanza, maana yake amesoma masomo kwa Kiingereza, wakati wenzake wa huko Kiingereza kwao ni somo tu. Mwulize mwalimu wa darasa kama anaweza kuingia kipindi cha Kiingereza na cha hesabu pamoja na darasa la kawaida hata kama masomo mengine anakaa na kundi la wageni. Hesabu haihitaji maneno mengi. Halafu klabu ya michezo. Ujerumani michezo ya watoto haiko shuleni sana, iko kwenye vyama vya mtaani, ada yake si kubwa, na karibu kila kitongoji kina timu ya mpira. Mtoto akipiga pasi nzuri hakuna anayemwuliza ngeli za nomino.

Na msidharau urafiki na hao wageni wenzake. Katika madarasa hayo mara nyingi kuna watoto kutoka Syria, Ukraine na kwingineko. Kijerumani kibovu cha pamoja ni daraja zuri kuliko kimya, na wao wanajua kukumbuka nyumbani ni nini.

Kwa baba yao nina maneno machache, umsomee. Baba, bweni ulilokwenda wewe lilikuwa na Kiswahili. Ulipoumwa ulijua kusema wapi panauma, uliponyanyaswa ulijua kujibu, na jioni uliweza kuwachekesha wenzako. Mwanao ana hivyo vyote kichwani na hawezi kutoa hata kimoja. Hilo siliiti deko. Mchukue Jumamosi kando ya mto Rhein, nyie wawili, na usimpe nasaha. Mwulize tu anakumbuka nini, umwache aseme hadi amalize.

Je, umrudishe Tanga? Mwaka huu, hapana. Sikatai bweni, wala bibi simdharau, familia nyingi zimelea watoto hivyo na wametoka wazuri. Lakini mwaka wetu wa masomo unaanza Januari na wa Ujerumani unakwisha kiangazi. Akirudi sasa amekosa miezi ya mwisho ya Kidato cha Kwanza, huenda akakirudia, na kule unakompeleka atakuwa mgeni tena, safari hii bila wewe. Pia ameonja msimu mbaya kuliko yote. Desemba na Januari huko jua linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama jioni mapema, watoto wanakwenda shule gizani. Uamuzi mkubwa usifanywe kwenye giza hilo.

Ila usimwambie "utazoea" na kufunga mjadala. Mpe tarehe. Mwambie: mwaka wa shule ukiisha tutakaa sisi wanne, utasema na tutakusikiliza kweli. Na mumaanishe. Wakati huo mtazame mambo manne ambayo hayamhusu yeye tu: mkataba unakwisha akiwa na miaka 17, je mtaongeza? Kama mtarudi, atarudi katikati ya nini? Mkataba wa baba una posho ya ada ya shule? (Mashirika mengi ya kimataifa hutoa, na hapo shule ya Kiingereza inakuwa jambo la kujadili.) Na mwisho, yeye mwenyewe atakuwa anasema nini baada ya kiangazi kimoja cha mpira?

Hukuuliza, lakini nakuwekea sikioni: binti akifika darasa la nne, majira kama haya mwakani, shule itatoa pendekezo la sekondari gani inamfaa. Kuna Gymnasium (ya kitaaluma zaidi), Realschule (ya kati), Hauptschule (ya vitendo zaidi) na Gesamtschule. Watu wataongea kana kwamba ni hukumu. Jimboni kwenu pendekezo hilo halimfungi mzazi. Gesamtschule hupokea watoto wa viwango vyote na mtoto anaweza kufikia Abitur humo humo, ule mtihani wa kuingilia chuo kikuu. Kwa mtoto aliyeanza lugha akiwa na miaka 8, mimi ningeitazama hiyo kwanza.

Na wewe, mwanangu. Uliacha dawati lako benki na barua yako nzima haina sentensi moja inayokuhusu. Bonn ina Waswahili, Idhaa ya Kiswahili ya DW yenyewe iko mjini humo, na wanaopenda pilau ni wengi kuliko waandishi wa habari. Watafute. Watoto wakusikie ukicheka na mtu mzima mwenzako sebuleni.

Mambo ya kufanya wiki hii. Ripoti za nusu mwaka hutoka mwishoni mwa Januari, na siku za wazazi kukutana na walimu mara nyingi hufuata baadaye. Usizisubiri. Andika kikaratasi cha sentensi mbili uombe dakika 20 na mwalimu wa kila mtoto. Muda wa siku ya wazazi huwa ni dakika 10 au 15, haukutoshi. Uliza kama mwalimu anaweza kuongea Kiingereza au kama shule ina mkalimani, na ofisi ya manispaa inayoshughulikia watoto wageni shuleni inaweza kukusaidia kwa hilo. Usimtumie kijana kuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Beba cheti chake cha Darasa la Saba na ripoti za kidato, hata kama ni za Kiswahili na Kiingereza, uziweke mezani mwalimu azione. Yeye amekutana na mtoto mkimya asiyejua ngeli za Kijerumani. Huyo wa tano bora bado hajatambulishwa kwake.